Malipo ya kila mwezi kutoka nje: hela inakatwa wapi, na mnakwepaje makato?

#1 Mkalimani_TA
Wakuu, habari za majukumu. Nafanya tafsiri kwa kampuni moja ya Ujerumani. Mkataba ni dola 600 kwa mwezi, zinaingia kwenye akaunti yangu ya dola hapa Tanga. Wao wanaapa wanatuma 600 kamili na risiti wamenionyesha. Kwangu zimeingia hivi: Januari 588.20, Februari 568.20, Machi 573.20.

Nikiuliza tawini naambiwa makato ni ya huko zinakotoka. Nikiwauliza Wajerumani wanasema ni ya kwetu. Kwa mwaka mzima hiyo si hela ya kupuuza, ni ada ya mtoto muhula mmoja. Nani anaikula, na ninyi mnaopokea kila mwezi mnafanyaje?

#2 Bandari_Salama
Benki zetu hizo mkuu. Hama benki, habari imeisha.

#3 Nyali_Boy
Huku Mombasa sisi tulishaacha hayo mambo ya kupanga foleni benki. PayPal kwenda M-Pesa, tangu 2018 inawezekana. Unatoa mwenyewe kwenye simu ukiwa umekaa baraza.

#4 Bandari_Salama
#3 Mkenya akiulizwa lolote jibu lake M-Pesa. Ukimwuliza njia ya Mtwara atakwambia lipa na M-Pesa.

#5 Karani_Mstaafu
Nimefanya kazi kitengo cha malipo ya nje kwa muda mrefu, naomba mnisikilize kabla ya kuhamisha watu benki.

Mkalimani, tazama senti. Miezi yote mitatu inaishia na .20. Maana yake kuna kato moja lisilobadilika, na jingine la dola kamili linalobadilika. Toa 11.80 kwenye 600, unapata 588.20. Hiyo 11.80 ni dola 10 za benki yako kwa kukupokelea, pamoja na VAT ya asilimia 18. Hilo ni la Tanga na utalikuta kwenye orodha yao ya tozo. Kwa hiyo Januari njiani hukukatwa kitu, Februari ulikatwa 20, Machi 15. Hizo 20 na 15 tawi lako halikuziona hata kidogo, ndiyo sababu karani wa dirishani hana la kukwambia.

Zinakatwa na benki ya kupitishia. SWIFT haibebi hela, inabeba ujumbe tu. Benki yako ina akaunti ya dola kwenye benki kubwa ya Marekani, mara nyingi New York, na hela yako kimsingi inaishia kwenye akaunti hiyo, kisha wewe unaandikiwa kwenye vitabu vya Tanga. Kama benki ya Mjerumani haina uhusiano na benki hiyo ya New York, inapitia kwa mwingine. Kila anayeigusa anaweza kujikatia chake.

Nenda tawini uombe nakala ya MT103 ya kila malipo, yaani ule ujumbe wa SWIFT wenye maelezo ya malipo. Ni malipo yako, wasikwambie ni siri. Tazama sehemu yenye namba 71A: imeandikwa OUR, SHA au BEN? OUR ni mtumaji anabeba makato yote, SHA mnagawana, BEN unabeba wewe peke yako. Halafu tazama 33B, kiasi alichoagiza mtumaji, na 71F, kilichokatwa njiani. Leta hapa tusome pamoja.

#6 Mkalimani_TA
Karani ubarikiwe. Hiyo .20 sikuiona kabisa. Kesho naenda.

#7 Dada_Invoisi
Naongezea kwa #5. Mimi kwenye mkataba niliandika wazi kwamba kiasi cha malipo ni kile kinachofika, na mtumaji achague OUR. Mteja wa kwanza alinuna kidogo, wa pili hakuuliza hata swali. Tangu hapo inafika kamili isipokuwa ile tozo ya benki ya hapa. Watu tunaogopa kuwaambia wazungu masharti, na wao kwao ni mstari mmoja tu kwenye fomu.

#8 Msomi_wa_Ulaya
Dada, OUR huko Ulaya imepigwa marufuku. Sheria inataka SHA tu.

#9 Karani_Mstaafu
#8 umeshika nusu. SHA ni lazima kwa malipo yanayobaki ndani ya eneo la uchumi la Ulaya. Yakitoka kwenda Tanzania au Kenya mtumaji anaweza kuchagua OUR, ila benki yake itamtoza zaidi, na baadhi ya mifumo yao ya mtandaoni imeficha kitufe chenyewe. Mhasibu inabidi akitafute.

#10 Mama_Nasra
Mimi nipo upande wa pili wa kamba. Mume wangu yuko Muscat, hutuma Wete kila mwisho wa mwezi. Benki alishaiacha, anakwenda duka la kubadilisha fedha, analipa ada ndogo isiyobadilika, na mimi napokea shilingi. Lakini jamani, ada ndogo isiwadanganye. Riali ya Omani imefungwa kwa dola, na tangu miaka ya themanini riali moja ni dola 2.60, haitikisiki. Kwa hiyo mnaweza kujua kwa hesabu ya kidole mmepewa reti gani. Yeye huniletea reti za maduka mawili matatu kwa WhatsApp kabla hajatuma. Kuna siku tofauti baina ya duka na duka ni kubwa kuliko ada yenyewe mara tatu.

#11 Mchumi_Mbezi
Mama Nasra kagusa penyewe. Mnapigania dola 20 za njiani huku mnaachia kidonda kikubwa. Tuseme dola sokoni ni 2,500 na benki inakununulia kwa 2,440. Kwa dola 588 unaacha shilingi 35,280 mezani. Ile 11.80 kwa 2,500 ni 29,500. Kato la reti halionekani kwenye taarifa ya akaunti, halina jina wala VAT, ndiyo maana hakuna anayelalamika.

Ukiwa na akaunti ya dola usikubali zibadilishwe zinapoingia. Ziache dola, kisha badilisha unapotaka, na ukiwa na kiasi cha kueleweka piga simu kitengo cha hazina cha benki uombe reti. Wana nafasi ya kusogea. Reti ya ubaoni ni ya asiyeuliza.

#12 Bandari_Salama
Akaunti za dola si zimepigwa marufuku mwaka jana?? Naona mnampeleka kijana jela.

#13 Mchumi_Mbezi
Hapana. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa ndani: kodi ya nyumba kwa dola, ada ya shule kwa dola. Kuwa na akaunti ya dola na kupokea kutoka nje hakujakatazwa. Tusitishane.

#14 Bandari_Salama
Sawa, nimepokea.

#15 Arusha_Kijenge
Kuhusu kutoa dola taslimu ubadilishe mtaani: zamani Arusha bureau za kubadilisha fedha zilikuwa kila kona, ulikuwa unazunguka mitaa miwili unapata reti nzuri. Tangu ule ukaguzi wa Novemba 2018 nyingi zilifungwa na ushindani ukapungua. Halafu ukitoa taslimu benki wanakupa mchanganyiko wa noti. Noti ya mia inanunuliwa bei ya juu, za kumi na ishirini bei ya chini, na noti ya zamani ya kichwa kidogo hawaigusi. Unaweza kukwepa tozo ya benki ukaipoteza kwenye noti.

#16 Nyali_Boy
Nirudi kwa yule anayenicheka. Sijasema PayPal ni bure. Kwa kubadilisha fedha wanakula asilimia 3 hadi 4 juu ya bei ya jumla. Ila kwa kazi ndogondogo za dola 40, 50, waya ya benki ya dola 20 ni mauaji. Na M-Pesa ina kikomo, shilingi 250,000 za Kenya kwa muamala na 500,000 kwa salio. Hiyo inanitosha.

#17 Dada_Invoisi
Kwa Tanzania PayPal ya kupokea ni shida, tunatuma tu. Ushauri wako mzuri kwa waliovuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya.

#18 Kazi_Mtandaoni
Kwa nini hamtaji Payoneer? Unapewa namba ya akaunti ya euro kwa jina lako, IBAN kabisa. Mjerumani analipa kama anavyolipa umeme wake, kwa SEPA, mfumo wa malipo ya euro wa Ulaya, hakuna New York wala nani. Kisha unazivuta kwenda benki yako. Mimi nimesahau habari za 71F.

#19 Karani_Mstaafu
Ni njia halali, lakini yao ni asilimia wakati waya ni kiasi kisichobadilika. Fanya hesabu. Tuseme kuvuta ni asilimia 2 (kiwango chako kikague kwenye ukurasa wao wa tozo, hubadilika). Kwa dola 600 ni 12. Waya ya Februari ilimgharimu Mkalimani 31.80. Payoneer imeshinda. Kwa dola 3,000 ni 60, waya bado 31.80. Waya imeshinda. Mpaka uko kama dola 1,590. Na ukivuta moja kwa moja kwa shilingi, rudi ukasome tena #11, kwa sababu reti ni yao.

#20 Mwana_wa_Reading
Mimi natumiwa na kaka kutoka Uingereza kwa Wise. Yeye anaandika anataka nipate shilingi ngapi, apu inamwonyesha ada kabla hajabonyeza, zinaingia kama zilivyo. Mkalimani mwambie Mjerumani atumie Wise upande wake, wewe huhitaji hata kujisajili.

#21 Mkalimani_TA
Niliwaomba. Mhasibu wao anasema kampuni inalipa kupitia benki yake tu, ndiyo utaratibu wao.

#22 Mwana_wa_Reading
Basi tafuta ndugu aliye Ulaya apokee kwenye akaunti yake, akutumie.

#23 Dada_Invoisi
Hapana, hapana. Ankara ina jina lako, hela inaingia kwa jina la shemeji. Benki ya shemeji itamuuliza hizi za kila mwezi kutoka kampuni ya tafsiri ni za nini, na kampuni yenyewe ikikaguliwa itakataa kumlipa mtu wa tatu. Nimemwona jirani yangu akaunti ya mdogo wake imefungiwa huko wakisubiri maelezo, na hela ya miezi miwili ndani.

#24 Kijana_wa_Chain
Mnajitesa. USDT, sarafu ya kripto inayofuata dola. Inafika dakika mbili, ada senti. Unauza kwa mtu, shilingi ndani ya simu.

#25 Arusha_Kijenge
Na siku aliyekununulia hela yake imetoka kwenye wizi wa mtandaoni, akaunti yako ndiyo inayogandishwa. Imemkuta binamu yangu, alizungushwa polisi hadi akachoka. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizo hazitambuliwi hapa. Ukidhulumiwa unamshtaki nani?

#26 Kijana_wa_Chain
2019 ni zamani. Na Finance Act ya 2024 imeziwekea kodi ya asilimia 3. Huwezi kukata kodi kitu ambacho hakipo.

#27 Mchumi_Mbezi
Kukatwa kodi hakumlindi binamu yake Arusha_Kijenge. Ni mambo mawili tofauti. Tafadhali tusiugeuze uzi kuwa wa kripto, anzisha wako tutakuja.

#28 Nesi_Lushoto
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi nilifanya uuguzi Uingereza, sasa nimerudi Lushoto na napokea pensheni ya serikali yao. Walikuwa wananilipa kila baada ya wiki 4. Kila mara tozo ileile ya kupokelea. Nikawaandikia wanilipe kila baada ya wiki 13, wanaruhusu. Kutoka malipo 13 kwa mwaka nikashuka hadi 4. Tozo za kupokelea nimezipunguza kwa zaidi ya theluthi mbili bila kubadili benki wala programu. Inataka nidhamu ya kukaa miezi mitatu, lakini kwetu tulizoea kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Pensheni hiyo ukihamia Tanzania au Kenya hawaipandishi tena, inabaki palepale ilipokuwa ulipoondoka. Mwenzangu aliyestaafia Hispania yake inapanda kila Aprili. Tulilipa michango ileile.

#29 Mama_Nasra
Marahaba mama yangu, na pole. Hilo la kutopandishwa sikulijua, ni dhulma.

#30 Mkalimani_TA
Shikamoo mama. Wazo la kuunganisha malipo nimelifikiria, ila kampuni ikifilisika mwezi wa pili nimepoteza miezi miwili. Pensheni ya serikali haifilisiki.

#31 Nesi_Lushoto
Marahaba mwanangu. Hapo una haki, hesabu yako ni tofauti na yangu.

#32 Texas_Mswahili
Na kuanzia Januari 2026 huku Marekani kuna kodi ya asilimia 1 kwa kila anayetuma hela nje. Jiandaeni.

#33 Mchumi_Mbezi
Si kila anayetuma. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inamgusa anayelipia kwa fedha taslimu, money order au hundi ya benki. Ukitoa kwenye akaunti yako ya benki ya Marekani au kadi iliyotolewa huko, haikuhusu. Muswada ulianza na asilimia 5, watu wengi wamebaki na habari ya mwanzo.

#34 Texas_Mswahili
Asante kwa kusahihisha. Basi wajomba zangu wanaokwenda dukani na taslimu ndio watalia.

#35 Kigali_Heights
Swali dogo. Mimi nalipwa na kampuni ya Kigali, niko Mwanza. Nayo ni lazima ipite New York?

#36 Karani_Mstaafu
Ikiwa ni dola, aghalabu ndiyo. Ila upo mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, unaounganisha mifumo ya benki kuu zetu: kwetu TISS, Kenya KEPSS, na Uganda na Rwanda wamo. Faranga au shilingi zinavuka bila kugusa dola. Tatizo ni kwamba matawi mengi hawaujui. Taja jina la mfumo, usimwambie karani "natuma Rwanda" tu, atakufungulia fomu ya SWIFT.

#37 Mkalimani_TA
Wakuu nimerudi. Tawini walinizungusha, mwishowe meneja alinitolea nakala za Januari na Februari. Machi bado.

Januari: 33B USD 600,00, 71A SHA, 71F hakuna.
Februari: 33B USD 600,00, 71A SHA, 71F USD 20,00.

Yaani chaguo ni lilelile, mtumaji yuleyule, kiasi kilekile. Kwa nini Januari hawakukata?

#38 Dada_Invoisi
Duh. Na mimi nilikuwa nimeshaamini Januari walituma kwa OUR bila kujua.

#39 Karani_Mstaafu
Njia imebadilika. Benki ya Mjerumani ina akaunti za dola kwenye benki zaidi ya moja. Januari ujumbe ulipita kwa benki ileile inayotunza dola za benki yako, ikawa ni kuhamisha kutoka kitabu hadi kitabu. Februari ulipita kwa nyingine. Tazama 53 na 54 kwenye nakala, ndiko benki za kupitishia zinakotajwa, majina yanafanana?

#40 Pacs_008
Mimi niko kazini kwenye kitengo hichohicho, benki siitaji. Naheshimu maelezo ya mzee lakini naona sababu nyingine. Wapo wapitishaji wenye mkataba na benki kubwa za Ulaya wa kutozwa kwa idadi: miamala fulani ya mwezi haikatwi, ikizidi inakatwa. Njia inaweza kuwa ileile, umebahatika tu kuwa mwanzoni mwa foleni. Halafu jambo dogo, ujumbe wa MT103 baina ya benki za nchi na nchi ulifikia mwisho Novemba 2025, sasa ni wa muundo mpya. Kwenye karatasi unaweza kukuta SHAR badala ya SHA, DEBT badala ya OUR, CRED badala ya BEN. Wateja bado wanaomba MT103 na sisi tunawaelewa, lakini msishangae karatasi ikiwa na sura tofauti.

#41 Karani_Mstaafu
Nashukuru kwa huo mpya, mimi niliondoka kabla. Kuhusu mkataba wa idadi, sikuwahi kuuona ukimgusa mteja mmoja namna hiyo. Bado nasema ni njia.

#42 Mkalimani_TA
Mzee Karani, kwenye 53 hakuna kitu zote mbili. 54 majina ni tofauti, ila nakala ya Februari imefifia, siwezi kuapa.

#43 Pacs_008
Jaribu hivi. Iombe benki yako ikupe maelekezo yake ya kupokelea dola: jina la benki ya New York na SWIFT code yake. Yaweke kwenye ankara chini ya akaunti yako, kwenye mstari wa benki ya kupitishia, na mwambie mhasibu wa huko aijaze. Asipoijaza, mfumo wao unachagua wenyewe. Kama Karani yuko sahihi utaona 588.20 kila mwezi. Kama mimi ndiye, itaendelea kupanda na kushuka.

#44 Msomi_wa_Ulaya
Au aache dola kabisa. Mjerumani ana euro, Mkalimani anahesabu shilingi, dola imeingia ya nini? Fungua akaunti ya euro, andika ankara kwa euro. Benki nyingi za kwetu zina akaunti zao za euro Frankfurt, hakuna kwenda New York na kurudi. Na sheria ya Ulaya inakataza makato kwenye euro.

#45 Karani_Mstaafu
La kwanza nakuunga mkono, hata Mjerumani anaacha kitu kwenye kubadilisha euro kuwa dola. La pili hapana. Sheria hiyo inalinganisha tozo za euro za kuvuka mpaka na za ndani, baina ya nchi za Ulaya. Tanzania haimo SEPA. Euro ikitoka kuja Tanga ni waya kama waya nyingine.

#46 Mchumi_Mbezi
Na mimi napinga hata la kwanza. Tazameni ubao wa reti: pengo la kununua na kuuza kwa euro karibu kila benki hapa ni pana kuliko la dola, kwa kuwa euro hainunuliwi sana. Utaokoa 20 za njiani, utaziacha kwenye kubadilisha. Labda kama unaagiza bidhaa Ulaya na unalipa kwa euro hizohizo.

#47 Kazi_Mtandaoni
Ndiyo maana nilisema #18. Ila naona watu wanapenda mateso.

#48 Mkalimani_TA
Nawashukuru wote. Nimeamua hivi kwa sasa: malipo ya Aprili nimeweka benki ya kupitishia kwenye ankara kama alivyosema #43, na mhasibu amejibu ameijaza. Nimewaandikia pia nikiomba OUR kuanzia Julai mkataba ukihuishwa, kwa maneno ya Dada_Invoisi. Hela ikiingia naleta namba hapa.

#49 Nyali_Boy
Tunasubiri. Na ukiipata kamili, #40 amlipe Karani kahawa.

#50 Pacs_008
Mwezi mmoja hautoshi kunitoza kahawa. Lete Aprili, Mei na Juni, na ile nakala ya Machi waitoe.